Shimo la Mteremko wa Mashine

Shimo la ofisi tatu halina mfuniko. Jana mwalimu wenu aliwatupia msemo huo kwa sababu madarasa matatu mlitegeana kufagia njia ya chooni, kila darasa likisema zamu si yake. Mkatoka hapo mkaja kwangu kununua vitumbua, mnacheka, mnaniuliza nani aliusema kwanza. Nilishindwa kuwajibu huku nakaanga. Leo nawaandikia, wanangu, mpokezane karatasi msome wote. Kabla haujawa msemo wa kuchekwa ulisemwa kwa hasira, hapa hapa mtaani kwetu, na mambo yenyewe yalikwenda hivi.

Mwaka ule sekondari ya kata ililetewa baiskeli za betri arobaini, kwa ajili ya wanafunzi wanaokaa mbali. Binti yangu Zamoyoni alikuwa kidato cha pili, naye akapewa moja. Watu walinipongeza kama nimeozesha. Mimi niliingiwa na hofu tangu siku ile. Pikipiki unaisikia ingali mbali, unamvuta mtoto pembeni. Baiskeli ya betri haina sauti. Unageuka, ipo mgongoni mwako. Ni nzito kama mbuzi wawili, na ukiiachia kwenye mteremko haitaki tena kusikia habari ya breki. Kila asubuhi Zamo alipokuwa anavaa kofia yake ngumu nilimwambia, "Mteremko wa Mashine ushuke unatembea, uikokote." Naye alijibu, "Ndiyo, mama." Nilijua haikokoti. Ninyi mngeikokota?

Mwaka huo huo barabara yetu ikaanza kutengenezwa. Ikapanuliwa, ikawekewa njia ndogo pembeni ya baiskeli za wanafunzi, ili magari yasiwaguse. Jambo jema, sikatai. Lakini chini ya barabara kulikuwa na mabomba ya maji, na nguzo za umeme zilikuwa zinaondolewa ili nyaya zipite ardhini. Zikawa ofisi tatu kwenye barabara moja. Zisije zikaharibiana kazi, zikakaa kikao cha pamoja pale kwa mtendaji, nasi wananchi tukaalikwa kusikiliza. Wakakubaliana hivi: kila ofisi itapaka rangi mahali penye kazi yake. Maji bluu, umeme nyekundu, barabara nyeupe. Na mtu asiguse penye rangi ya mwenzake mpaka apewe barua. Tulipiga makofi. Mimi pia nilipiga.

Chini ya mteremko, hatua kama kumi baada ya kona ya mashine ya kusaga ya Kobelo, katikati kabisa ya ile njia ya baiskeli, lilichimbwa shimo refu kuliko mtu. Watu wa maji walilichimba kuhamisha bomba. Watu wa umeme wakapitisha waya wao humo humo. Watu wa barabara wakaleta mfuniko wa zege, wakaulaza kando. Mdomoni mwa shimo zikawepo rangi zote tatu. Basi likabaki wazi, mfuniko umelala hatua mbili kutoka hapo, siku ya kwanza, ya pili, mpaka ya kumi.

Nilikwenda kote. Watu wa maji waliniambia, "Mama, sisi tunasubiri umeme wamalize waya wao." Watu wa umeme wakasema, "Tutamaliza vipi na bomba bado linavuja?" Ofisi ya barabara nilipewa kiti, nikaandikwa jina. Bibi mmoja mpole akaniambia, "Mfuniko si upo pale, mama? Tatizo siwezi kufunika kazi ya watu. Wanipe barua tu."

"Na watoto je?"

"Nimekuandika, mama yangu. Nimekuandika."

Tukarudi kwenye akili yetu ya siku zote. Tukakata matawi ya mkaratusi, tukayapanga kuanzia juu ya kona mpaka kwenye shimo, kama dereva anavyofanya gari likimharibikia njiani. Watoto wakiona matawi wanapunguza mwendo, wanalizunguka shimo. Siku kumi matawi yale ndiyo yaliyotulindia watoto. Kila yakinyauka tulikata mengine.

Siku ya kumi na moja wageni kutoka mkoani walikuwa waje kukagua barabara, saa nne asubuhi. Mimi nilikuwa nimefika pale mashine alfajiri na karai langu, nainjika mafuta. Kulipopambazuka vizuri nikaona njia tupu. Imefagiwa inang'aa. Hakuna jani.

Ofisi zote tatu zilikuwa zimetuma watu kusafisha kabla ya wageni. Hilo hawakuhitaji barua, matawi hayakuwa na rangi ya mtu. Walisaidiana vizuri, wakayapakia kwenye gari moja, wakayapeleka dampo.

Nikaacha karai motoni. Banzi, fundi wa maji, alikuwa amesimama karibu na shimo anafunga kamba za buti zake mpya.

"Banzi, matawi yako wapi?"

"Mama Zamo, leo ugeni. Barabara ya kisasa hii, utaipamba kwa majani kama harusi?"

"Watoto wanapita sasa hivi!"

"Si wana macho?"

Nilianza kupanda mbio kuelekea kwenye kona, nimevua kanga ya kichwani nimpungie Zamo. Nilikuwa sijafika. Nawaambia sikusikia kitu. Ilinipita kama upepo, nikaona begi la bluu, nikaona mkono wake ukiniinulia salamu, maana alidhani namwita kumsalimia. Aligeuza uso kuniangalia. Mimi ndiye niliyemfanya asiangalie mbele. Hilo naliandika kwa mkono wangu.

Kisha kikasikika kishindo kimoja.

Nilipofika, maji yalikuwa yanaruka. Baiskeli ilikuwa imevunja kiungo cha bomba. Zamo yuko chini, kofia bado kichwani, ameshika ukuta.

"Mama, mguu umebanwa."

Nikakaa ukingoni nishuke. Banzi akanidaka gauni. "Usishuke! Humo mna waya wa umeme. Ukigusa maji hayo mmekwisha wote wawili."

Mtu wa umeme akaja anakimbia. Nikamwuliza, "Baba, huo waya una moto?"

"Sijui, mama. Uliwekwa na wenzangu. Nadhani haujaunganishwa."

"Unadhani?"

"Napiga simu."

Yule bibi wa barabara naye alikuwa amefika. "Basi fungeni maji!"

"Koki iko humo ndani, dada," Banzi akasema. "Na siingii mpaka huyu aseme umeme hakuna."

"Si shimo lenu?"

"Sisi tulichimba tu. Mfuniko wa nani?"

"Nifunike kazi haijaisha? Si kikaoni tulikubaliana?"

"Kikaoni ninyi ndio mliosema..."

Kutoka chini mwanangu akasema, sauti ndogo, kama hataki kuwakatiza wakubwa, "Mama, maji yamefika kifuani."

Wanangu, sijawahi kuogopa namna ile, na tangu siku ile sijaacha. Watu watatu wenye vitambulisho shingoni wamesimama juu ya kichwa cha mtoto, kila mmoja ana simu sikioni. Mmoja anasema simu yake bado iko mapokezi. Mwingine anasema anayejua habari za waya hajaingia kazini.

Ghafla mashine ya kusaga ikanyamaza. Kobelo akatoka, mweupe kwa unga hadi kwenye kope, amebeba ule mkanda mrefu wa mpira unaozungusha mashine. Alikuwa ameuvua kwenye gurudumu.

"Sogeeni," alisema. Akalala kifudifudi ukingoni. "Zamo mwanangu, ukuta uachie. Pitisha huu kwapani. Ni mpira, haupitishi umeme."

"Kobelo, ukifa je?" nikamwuliza.

"Nikifa mtasaga wenyewe," akajibu bila kuniangalia. "Shika mkanda, mama, acha maneno."

Tulivuta mimi na wanaume wanne waliokuwa wameleta mahindi kusaga. Mara ya kwanza hakusogea, alipiga kelele tu. Maji yakamfika kidevuni. Mara ya pili Kobelo akasema, "Vuteni hata akilia," nasi tukavuta hata alipolia. Alitoka bila kiatu. Mguu wake ulikuwa unatazama upande usio wake. Lakini alikuwa anapumua, ananitapikia maji kwenye mapaja, na mimi nikamshukuru Mungu kwa matapishi.

Kobelo akasimama, unga umekuwa uji mwilini mwake. Akawatazama wale watatu, bado wana simu mikononi. "Lina mwenye maji," alisema, "lina mwenye umeme, lina mwenye barabara. Kumbe! Shimo la ofisi tatu halina mfuniko!"

Wale wanaume wanne wakauendea mfuniko. Banzi akaanza, "Ngojeni, rangi ya..." Mmoja akamwangalia, naye Banzi akarudi nyuma. Wakaunyanyua, wakausukuma, ukakaa mahali pake, maji na baiskeli vikiwa bado chini yake. Ilichukua muda mfupi kuliko kugeuza vitumbua vya karai moja. Siku kumi na moja tulipita pale, wanaume wenye nguvu, wanawake tunaobeba ndoo mbili mbili, tukauona mfuniko na tukakata matawi. Tuliogopa rangi. Usiku na mchana tulizilaumu ofisi, na kumbe sisi tulikuwa ofisi ya nne.

Zamo alilala hospitali miezi mitatu. Kifundo chake hakikunjiki tena, mmemwona anavyotembea. Waya ule ulikuwa hauna umeme hata kidogo, tuliambiwa baadaye. Aliyejua hilo alikuwa nyumbani kwake anakunywa chai. Na wageni walifika saa nne kamili, wakasimama juu ya mfuniko wakapigwa picha, wakasifu ushirikiano wa ofisi. Pale mashine, watu wakaanza kuambiana maneno ya Kobelo kila mtu anapomtegea mwenzake kazi, hadi yakafika kwa mwalimu wenu.

Baada ya hapo kikao kiliitwa tena. Wakaongeza rangi ya nne, njano, ipakwe penye kazi ya pamoja. Ndiyo maana ninaandika. Jana nilipita njia yenu ya shuleni, ile ya kando ya soko, nikakuta mashimo mawili yana njano mdomoni, na mifuniko imelala pembeni. Mnapita pale na baiskeli zile zile, mmepakizana wawili wawili.

Leo mkitoka darasani msipande. Iteni wenzenu, iteni na wauza nyanya wa pale sokoni, mshike mfuniko pamoja mfunike, hata mkisemwa. Msiulize shimo ni la nani. Mkianza kuuliza, kila mwenyewe atawatajia mwingine, na wakati huo kuna mtoto anashuka mteremko bila sauti. Shimo la ofisi tatu halina mfuniko.