Bitana ya Turubai

Mtu akiwashwa mgongoni huanza kutazama matawi juu yake, akiapa kuwa ameangukiwa na upupu, kumbe mdudu yumo ndani ya shati alilolivaa mwenyewe asubuhi. Ndiyo maana wahenga wakatuusia kwamba kikulacho ki nguoni mwako: kabla hujamnyooshea mwenzako kidole, jikung'ute kwanza. Methali hii sote tunaijua. Kazi ni kuikumbuka damu inapochemka, na hapo ndipo alipokwama mtunza uwanja mmoja wa shule.

Watu walimwita Chapuchapu, na jina lilimkaa. Chai aliinywa amesimama. Salamu aliiitikia akiwa ameshapita, na aliyemsalimu akabaki akiongea na mgongo. Hata usingizini, mkewe alisema, miguu yake ilikuwa na safari.

Siku ya mashindano ya mbio miguu hiyo haikutulia kabisa. Binti yake alikuwa akimbie mchana wa siku ile. Mwaka uliopita msichana huyo aliteleza kwenye nyasi zilizokatwa zikaachwa zimezagaa uwanjani, akaanguka kifudifudi, goti likashonwa nyuzi, na msimu mzima akawa mtazamaji. Chapuchapu hakujisamehe. Aliapa kwamba safari hii hata jani moja la ukoka halitalala njiani mwa mwanawe.

Kwa sababu ya kiapo hicho, juzi yake jioni alichukua sindano ya magunia akaufanyia kazi mfuko wa mashine ya kukatia nyasi. Mashine yenyewe ilikuwa ile ya kuendesha umeikalia kama trekta dogo. Visu vyake huzunguka chini ya tumbo, nyasi hurushwa kwenye bomba pana, na bomba huzimimina katika mfuko mkubwa ulioning'inia nyuma. Mfuko ulikuwa wa kitambaa chenye vitundu kama chandarua, na vumbi la nyasi lilipenya likarudi uwanjani. Chapuchapu akaushonea bitana ya turubai, ndani kote, mshono juu ya mshono. Hata mkewe, fundi cherehani asiyesifu ovyo, alisema, "Hapo umeshona, baba watoto."

Basi asubuhi ya mashindano akapanda mashine, akaondoka kwa mbwembwe. Akageuka nyuma. Nyasi zilikuwa zimetapakaa nyuma yake marundo marundo. Akashuka, akafungua mfuko: ndani mlikuwa na konzi moja tu ya nyasi. Bomba lilikuwa limekabwa mpaka kooni.

Akalichokoa kwa fimbo, akapanda tena. Likaziba. "Umande huu," akanung'unika, akaamua kungoja jua likaushe nyasi. Kungoja kwenyewe kulikuwa kuzunguka mashine kama kuku anayetaka kutaga. Akapanda tena, safari hii akiikimbiza, kana kwamba nyasi zingeogopa. Zikazagaa maradufu.

Mwalimu mkuu akapita, mama mnene asiyependa maneno mengi. "Chapuchapu, huu uwanja au zizi?"

"Unasafishika, mwalimu."

"Usafishike. Nyasi hizi zikiwepo mchana, hakuna mtoto atakayekimbia hapa. Nafuta mbio. Ya mwaka jana sitaki kuyaona tena."

Kando ya uwanja binti yake alikuwa akinyoosha misuli. Alisikia kila neno, akajifanya hakusikia.

Hapo Chapuchapu akaanza kumtafuta mchawi wake. Juzi mashine ilikuwa nzima. Nani aliigusa juzi? Shemeji! Kaka wa mkewe, mwenye karakana barabara ya pili, ndiye aliyevinoa visu siku hiyo hiyo. Kwamba na yeye mwenyewe alikuwa na sindano mkononi jioni ile, hilo halikumpitia hata pembeni mwa akili.

Shemeji akapigiwa simu, akaja na spana zake. Akalala chini ya mashine, akachungulia, akagonga, akazungusha. "Visu viko sawa, havijageuzwa. Mkanda haujalegea. Hebu nione na huo mfuko, shemeji."

"Mfuko uache! Mfuko nimeutengeneza kwa mikono yangu!"

"Ndiyo maana nataka kuuona. Visu vinapuliza upepo, na nyasi zinapanda huo upepo. Sasa nikiona..."

"Usinisomeshe! Umeniharibia makusudi. Tangu nimwoe dada yako hujawahi kunitakia mema, sasa umeona unimalizie kwa mwanangu!"

Wapishi wa shule walikuwa wametoka jikoni. Walimu walikuwa dirishani. Shemeji akazifuta spana zake moja moja, akazifunga kwenye kitambaa. "Nimekusikia, shemeji," akasema. "Na hawa wote wamekusikia." Akaondoka bila kugeuka.

"Baba," binti akauliza, "mjomba si ndiye husimama mwisho wa mbio kunipokea?"

Chapuchapu aliona aibu, na aibu ikamzidishia hasira.

Mkewe naye akatokea, ameshika fulana ya mtoto aliyotoka kuishonea namba. "Nimepishana na kaka yangu njiani, hakunisalimia. Umemfanya nini?"

"Kaharibu mashine!"

"Na mfuko je?"

"Mfuko?" Chapuchapu akaunyakua, akazamisha kichwa na mabega ndani ili amwonyeshe. Mlikuwa na giza na joto la tanuri. Jasho likamtiririka machoni. "Hamna kasoro!" akapayuka kutoka humo. "Hamna tundu hata moja! Hata pumzi haipiti!"

"Umesemaje?" mkewe akauliza.

Chapuchapu alikuwa ameshajisikia. Upepo ukikosa pa kutokea, utaingiaje? Na upepo usipoingia, nyasi zitapanda nini? Akabaki humo kitambo, si kwa kutafuta kitu, bali kwa kuogopa uso wa mkewe. Alipotoka, nywele zimejaa makapi, alisema neno moja tu.

"Mkasi."

Bitana ikatoka nyuzi zikilia. Akapanda, na mashine ikazibugia nyasi kama mtu aliyefungua kinywa baada ya kufunga mwezi. Alikwenda taratibu, kwa mara ya kwanza tangu wamjue, na nyuma yake uwanja ukabaki safi.

"Mashine umeiponya," mkewe akasema. "Na kaka yangu?"

Chapuchapu akalitupa turubai begani, akatoka mbio hadi karakana. Shemeji alikuwa akipiga tupa chuma, hakuinua kichwa.

"Mchawi wangu nimemkamata, shemeji. Huyu hapa." Akalitandaza turubai sakafuni. "Nimemshona mwenyewe. Nisamehe."

"Na visu vyangu?"

"Vinakata kama wembe."

Tupa ikaendelea kidogo, kisha ikanyamaza. "Matusi ulinitukania uwanjani, mbele ya watu. Sifa unaniletea hapa, mimi na wewe na chuma. Ndiyo haki hiyo?"

Mchana uwanja ulipofurika, kabla ya mbio za wasichana, Chapuchapu alikiomba kipaza sauti. "Asubuhi nilimvunjia heshima shemeji yangu mbele yenu," akasema. "Kazi yake ilikuwa safi. Aliyeiziba mashine pumzi ni mimi."

"Leo umesimama, Chapuchapu!" mpishi mmoja akapiga kelele, na watu wakaangua kicheko. Alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini hakukimbia. Shemeji, aliyekuwa ameegemea lango, akapita katikati ya watu akaenda kusimama pale mwisho wa mbio.

Filimbi ikalia. Binti akakimbia juu ya nyasi safi, mguu haukuteleza hata kidogo, akamaliza wa pili na kumwangukia mjomba wake kifuani. Kisha akaja kwa baba yake akihema, akajitupa chini apumzike juu ya lile turubai, ambalo Chapuchapu alikuwa amerudi nalo kutoka karakana.

"Limeshonwa vizuri hili, baba," akasema, akipapasa ukingo wake. "Nani kalishona?"

Chapuchapu akaitazama mishono yake, iliyonyooka, imara, ya mkono wake mwenyewe. Kwa mara ya kwanza siku ile akaketi chini, akakiri bila kulazimishwa na mtu: kikulacho ki nguoni mwako.