Duara la Jina Moja

Sogeeni, maana hadithi ni yangu lakini hukumu ni yenu.

Katika kijiji cha Bugwandege waliishi watu watatu. Minza Lushinge, mjane, alikuwa na jicho: sindano ikianguka kwenye makapi, yeye ndiye huiona. Masunga Kidendei, shemeji yake, alikuwa na mkono wa kuyajua mawe. Holo Ng'wigulu, jirani yao, alikuwa na subira ya kusoma karatasi hadi mstari wa mwisho.

Tangu afiwe, Minza alikuwa amehamishwa kutoka mashamba mawili. Alitaka jambo moja tu: wanawe wasihamishwe tena. Kijiji kikampa kipande cha mawe ambacho hakuna aliyekitaka.

Asubuhi moja, akipalilia karanga humo, aliona kitu kinang'aa kwenye tope, kikubwa kama punje ya harage. Akampelekea Masunga.

"Shemeji, umeniletea jiwe la kunolea kisu?"

Alitania, lakini akakiosha, akakiweka juu ya chuma, akakigonga kwa nyundo. Dhahabu ya uongo ingepasuka. Hii ikalala bapa kama chapati. Masunga, ambaye hajawahi kutunza siri hata ya posa, safari hii akafunga mdomo.

Lakini habari za dhahabu hazina mlango. Alhamisi akaja mnunuzi kwa pikipiki, mizani mfukoni.

"Mama, tumalizane hapa hapa. Hakuna foleni, hakuna kodi, hakuna maswali."

"Hata wewe huna swali?" Holo akamuuliza.

"Moja tu. Mmeiokota wapi?"

Minza alikwisha kulegeza fundo la kanga alimoifunga punje. Holo akamshika mkono.

"Dada, huyu hanunui punje, ananunua mahali. Atakwenda kukata leseni ya hapo, nawe utahama mara ya tatu. Sheria ni leseni kwanza, soko baadaye."

Minza akalikaza fundo. Holo akaenda ofisi ya madini mara nne, moja kwa ajili ya muhuri tu. Leseni ikatoka kwa majina ya wote watatu. Punje ikauzwa sokoni, mchana kweupe, kwa stakabadhi.

Sasa, wachimbaji wa huko wana desturi. Duara, yaani shimo la dhahabu, huitwa kwa jina la mtu mmoja tu, na watoto wa mwenye jina hawaondolewi hapo kamwe. Leo fundi amesimama mbele ya kibao cha duara lao, brashi mkononi.

"Bila jicho langu, tungekuwa tunapalilia karanga mpaka leo," anasema Minza.

"Bila nyundo yangu, punje ile wanao wangeipigia ndege kwa manati," anasema Masunga.

"Na bila miguu yangu," anasema Holo, "kibao hiki kingekuwa cha mwenye pikipiki."

Wanacheka wote watatu, maana wote wamesema kweli, na wote wana watoto.

"Jamani, rangi inakauka," fundi anasema. "Niandike nani?"

Je, wewe ungemjibu vipi?