Dawa ya Mbio ya Digidigi

Hapo zamani za kale, na msiniulize ni mwaka gani maana hata aliyenisimulia hakujua, wanyama wa Bonde la Mseku walikuwa na desturi yao. Kila mto ulipokaribia kukauka, walishindana mbio kutoka ukingoni mpaka juu ya kilima. Aliyeshinda, yeye na watu wa nyumba yake ndio waliokunywa kwanza katika dimbwi lililobaki, kiangazi chote. Wengine walisubiri. Na ukisubiri nyuma ya nyati na viboko, watoto wangu, unakunywa tope.

Mshindi wa kila mwaka alikuwa Digidigi. Ndiyo, huyo huyo mdogo mwenye miguu kama vijiti. Shamba lake la kunde lilikuwa juu kileleni na maji yalikuwa chini mtoni, kwa hiyo kila alfajiri alipanda na kibuyu, akashuka, akapanda tena. Yeye aliona ni kazi ya shamba tu. Siku ya mbio Nyati alianza kwa vishindo, puu puu puu, vumbi likatimka, na katikati ya mlima akaketi kuhema huku Digidigi akimpita kimya kimya.

Nyati akawa hajielewi. Alijitazama kifua, akajitazama mapaja, asione kilichopungua. Mwisho akaamua kwamba Digidigi ana dawa, akaenda kwake kumwomba kwa heshima zote amgawie kidogo.

Digidigi alimwambia ukweli, kwamba hana dawa yoyote. Nyati hakusadiki hata kidogo. Alikaa mlangoni, akaziba mwanga wote, akalalamika kwamba jirani mchoyo ni mtu mbaya sana. Ndipo Digidigi, ambaye asubuhi ile mgongo ulikuwa unamuuma, alipopata wazo.

"Sawa, kaka," akanong'ona. "Dawa imo kwenye udongo wa shamba langu. Lakini haichimbwi. Inanyweshwa maji na anayeitaka, maji ya mtoni, yaletwe kwa kibuyu bila kutua njiani. Ukimwaga, unarudi kuanza upya. Na usimwambie mtu."

"Nitainywa lini?" Nyati akauliza.

"Hainywewi. Inaingilia kwatoni."

Nyati alizitazama kwato zake kwa muda mrefu. Hakuelewa, na kwa kuwa hakuelewa, akaamini kabisa. Watu wa namna hiyo wapo hadi leo, tena wengine wamesoma.

Kesho yake akaanza kazi, kibuyu kimefungwa kwenye pembe. Alimwaga maji yote kabla ya kufika kwenye mawe ya katikati ya mlima, akarudi. Akamwaga tena, akarudi tena. Digidigi alijilaza kivulini akicheka mpaka mbavu zikamuuma. Kunde zilipostawi, akaongeza masharti. Dawa haipendi jua, alisema, kwa hiyo maji yafike kabla halijachomoza, na hapo ikabidi Nyati akimbie. Baadaye dawa ikataka maji ya jioni pia. Nyati alipouliza kwa nini dawa hii ina kiu namna hii, akaambiwa kwamba maswali yanaiharibu.

Mke wa Digidigi, Mama Tunu, hakufurahi. Alimwambia mumewe kwamba siku hizi anahema hata akigeuka kitandani. Digidigi akamjibu kwamba bingwa ni bingwa hata akiwa amelala, kisha akaomba aongezewe kunde.

Siku ya mbio ikafika. Digidigi alichomoka, tii, kama kawaida yake, na wanyama wote wakamshangilia. Lakini mlima ulipoanza, alishangaa. Nani amerefusha kilima hiki? Kifua kilimbana, miguu ikawa mizito, na kitumbo chake kipya kikawa kinacheza huku na huku. Akasikia puu puu puu nyuma yake. Akangoja vishindo vikome, kwa sababu miaka yote vilikoma pale kwenye mawe. Havikukoma. Nyati alimpita akiwa amefumba mdomo.

Nyati alipofika juu hakumwona mkimbiaji mwingine hata mmoja. Akafikiri amepotea njia. Akageuka aanze kushuka kuwatafuta wenzake, ikabidi wazee waliosimama kileleni wamshike pembe na kumweleza mara mbili kwamba ameshinda.

Na Digidigi je? Alipofika hakusimama hata kumpongeza mwenzake. Alipitiliza shambani kwake, akainama, akaanza kula udongo. Mama Tunu alimkuta mdomo umemjaa.

"Baba Tunu, unafanya nini?"

"Mke wangu, dawa ipo kweli! Nilidhani nimeitunga, kumbe ilikuwapo!"

Mama Tunu alimpangusa midomo kwa kanga yake. Kwa upole akamwambia kwamba udongo ule ameulima yeye tangu aolewe na haujampa mbio hata siku moja. Akamkumbusha nani alikuwa akipanda mlima zamani, na nani amekuwa akiupanda mwaka huu. Digidigi alisikiliza, akatikisa kichwa, akatema udongo. Hakukubali. Alikuwa na hila nyingine.

Mto ulipokauka, watu wa nyumba ya Nyati wakapangwa mbele ya dimbwi. Digidigi akajipenyeza katikati ya miguu ya wakubwa akitangaza kwamba mbio zile ni batili.

"Nilikudanganya, Nyati. Hakuna dawa. Nilitaka kunde zangu zipate maji tu, na ushindi uliotokana na uongo si ushindi."

Nyati akakunja uso.

"Hakuna?"

"Hakuna."

"Hata kwatoni?"

"Hata kwatoni."

Nyati akautazama mlima, akazitazama kwato zake, akautazama mlima tena. Kichwa kilimzunguka, maskini. Alikuwa anamheshimu sana mwalimu wake, na sasa mwalimu anasema hakumfundisha kitu.

"Sasa, Mwalimu," akasema taratibu, "kama hakuna dawa, aliyekushinda ni nani?"

Digidigi alilijua jibu, ila hakutaka litoke kwake.

"Basi ni mimi," Nyati akasema.

Akainama akanywa. Akanywa mkewe, wakanywa watoto, shangazi na wakwe. Walipomaliza, maji yalikuwa kama uji wa ulezi. Nyati, ambaye hakuwa na kinyongo, alisogea pembeni na kumkaribisha Mwalimu wake kwa adabu.

Digidigi alikunywa tope lile pamoja na Mama Tunu na Tunu, changarawe zikimlia menoni, na hata alipomaliza hakujua amkasirikie nani.

Na fundisho lake ni hili: ubingwa hukaa kwa anayetoka jasho kila siku, na humhama anayeacha.