Mnunuzi wa Siri na Amri ya "Njoo Kesho"

Hapo zamani, zama ambazo kila mji wenye kisima na msikiti ulikuwa na sultani wake, na kila sultani akidhani jua huchomoza kumtazama yeye, palikuwa na mji uitwao Mandwa, na Sultani wa Mandwa akiitwa Haidari. Hakuwa mtu mbaya, tusimsingizie. Alikuwa bahili tu, na msahaulifu wa ahadi, na alikuwa na Waziri aliyemsaidia sana kusahau.

Katika mji huohuo aliishi Faki Vuai, mtu wa maneno mengi na mali kidogo. Alijua kusoma na kuandika, alijua kuvunja watu mbavu barazani, na zaidi ya hapo hakuwa na mbele wala nyuma. Paa la nyumba yake lilikuwa la makuti yaliyooza. Mkewe, Bi Mize, alikwisha vumilia masika matatu ya kuhamisha kitanda kutoka pembe hii kwenda ile, akikimbia matone. Basi mwaka ule akamwambia mumewe, kwa ile sauti ya upole ambayo Faki aliiogopa kuliko ya ukali, kwamba tone la kwanza la masika litakalomwangukia usingizini, atafunga mzigo wake aende kwa kaka yake, wala asifuatwe. Faki alimpenda mkewe, na alijua hasemi mchezo. Masika yalibakiza miezi miwili.

Ikawa siku moja Sultani Haidari alikuwa na mgeni mezani, mfanyabiashara wa mji wa mbali, na katikati ya biriani mgeni akaropoka kwamba soko la Mandwa halina adabu. Alipimiwa mchele kwa kibaba kilichotiwa nta chini, na kila alichoulizia aliambiwa, "Njoo kesho." Sultani akaona haya, tonge likamkwama. Watumishi wake wakienda sokoni hupewa kiti na kahawa. Angejuaje wengine wanafanyiwa nini? Asubuhi akapigisha mbiu: pahala popote katika Mandwa ambapo mtu huenda na haja yake, akaambiwa njoo kesho, paa la pahala hapo litaezuliwa, na makuti yake yatakuwa mali ya jumba. Kisha akamwamuru Waziri atafute mtu wa kuzunguka madukani kwa siri kama mnunuzi, aone, aonje, arudi aseme. Waziri akamtaka mtu anayejua kuandika na asiyeweza kukataa. Akaitwa Faki.

Kazi ilielezwa ikawa tamu. Utaingia dukani na fedha ya Sultani, utanunua, utatazama, utaandika, na kwa kila karatasi itakayokubaliwa utapata pishi ya mchele. Faki akapiga hesabu palepale akiwa amepiga magoti: maduka matatu kwa siku, miezi miwili, huo ni mchele wa kubadilishana na makuti ya kuezekea nyumba mbili na jiko lake. Akarudi kwake karibu akimbie.

"Mke wangu, hii si kazi," akasema. "Hii ni kulipwa kwa kununua."

Bi Mize akauliza kinachonunuliwa kinakuwa cha nani. Faki akajikuna kichwa. Hilo hakuwa ameuliza.

Akaenda akauliza, na akajibiwa kwamba kila kinachonunuliwa ni mali ya Sultani, nacho kirudi jumbani kizima, hakijapungua. Agizo la kwanza lilikuwa halua ya Bi Kazija, mjane mwenye kibanda karibu na kisima. Aseme ladha yake ikoje, na airudishe haijaguswa. Waziri alilisema hilo huku akitabasamu, naye Sultani akacheka kwa kuona hapo mtu hana pa kupitia. Faki akainama, akaenda.

Naye hakuhangaika hata kidogo. Mtu yeyote aliyewahi kununua halua anajua kwamba muuzaji hukukatia kionjo kwanza, umege, ulambe vidole, ndipo useme unataka kiasi gani. Faki akala kionjo cha Bi Kazija kwa macho yaliyofumbwa, akanunua ratili moja, akaipeleka jumbani ikiwa bado kwenye kijimkeka ilimofungwa. Sultani akapenda. Waziri hakupenda. Alisema ladha iliyoandikwa ni ya kionjo, si ya halua iliyonunuliwa, kwa hiyo karatasi haikubaliki. Tena maswali ya kujibiwa kwenye kila karatasi yalikuwa arubaini, na Faki alikuwa amejibu thelathini na tisa. Hakusema muuzaji alipotabasamu yalionekana meno mangapi.

Ndivyo ilivyokuwa tangu siku hiyo. Alikwenda kwa muuza nazi, karatasi ikakataliwa kwa kuwa hakuandika rangi ya kikoi cha muuzaji. Alikwenda kwa mshona viatu, ikakataliwa kwa kuwa aliingia baada ya adhana na si kabla. Akatumwa arudi, akarudi, akatumwa tena. Viatu vyake vikaisha upande mmoja, na huyo mshona viatu hakuweza kumshonea bure, maana Faki sasa alijulikana kuwa mnunuzi mwenye pesa zake.

Hiyo ilikuwa balaa nyingine. Faki kununua halua? Soko zima lilishangaa. Bi Kazija alipomuuliza amezipata wapi fedha, Faki kwa haraka yake akajibu kwamba mjomba wake wa Ngazija amefariki, akamwachia urithi. Alidhani amejiokoa. Jioni ile majirani wakamjia nyumbani kwa tanzia, wanaume na mikeka yao, wanawake na leso zao, wakamsomea khitma mjomba ambaye hakupata kuzaliwa, na kahawa ikanyweka mpaka dele likakauka. Sukari ya mwezi mzima ilikwenda usiku mmoja. Bi Mize alipokea pole zote kwa heshima, na wageni walipoondoka akamwambia mumewe kwamba tangu aanze kulipwa wamekuwa maskini zaidi.

Kwa Bi Kazija alitumwa mara ya tatu, na mara hiyo jungu lilikuwa tupu. Sukari ilikuwa haijaingia mjini. Yule mama akamtaka radhi, akamwambia, "Njoo kesho, baba, nitakukatia ya moto."

Faki akasimama na kalamu yake kibindoni. Aliweza kuliacha neno lile. Lakini Waziri alikuwa na watu wa kumchungulia mchunguzi, na wakimshika amefinika jambo, mchele wote ungepotea na paa likapotea na Mize akaenda zake. Akajisemea kwamba Sultani hawezi kumwezua mjane kwa sababu ya sukari. Akaandika. Na mara hii Waziri akaisoma karatasi, akasema ni nzuri sana, imekubaliwa.

Kesho yake alipopita kisimani alikuta askari wameshamaliza. Kibanda kilibaki nguzo nne, na Bi Kazija amekaa chini ya jua kali la saa sita akisonga halua yake kwa mwiko, kitambaa cha maji kichwani. Hakujua nani amemwandika. Alipomwona Faki alimpa tena pole ya mjomba wake, akakwangua jungu, akampa kionjo cha moto kama alivyoahidi. Faki akakitia mdomoni na hakuweza kukimeza. Alikwenda nacho mdomoni mpaka nyuma ya msikiti, na huko akalia, mtu mzima na ndevu zake.

Akaenda jumbani kudai pishi yake moja aliyoipata kwa njia ile, akidhania angalau ampelekee mama yule. Waziri alikuwa akichokoa meno. Akasema mwenye funguo za ghala hayupo.

"Njoo kesho," akasema.

Faki akainama kwa adabu, akashukuru, akatoka, na kwenye ngazi ya mlangoni akaketi, akatoa karatasi mpya na kuanza kujibu maswali arubaini.

Tangu siku hiyo alikwenda jumbani kila asubuhi kudai mchele wake, na kila asubuhi aliambiwa njoo kesho, naye akaandika. Alipoacha kuzunguka madukani Waziri hakuuliza, maana kwake karatasi zilikwisha fanya kazi; hata katika zile alizozikataa aliokota kila "njoo kesho", na vibanda sita vilikuwa vimeezuliwa, na makuti yote yalipandishwa juu ya ukumbi wa baraza la Sultani, ambao kwa kupenda ubaridi uliezekwa makuti. Sasa ulikuwa na tabaka tatu. Bi Mize naye alikuwa ameshaanza kukunja nguo zake. Wingu la kwanza la masika likaonekana upande wa kusi.

Ijumaa baada ya sala, baraza likajaa. Faki akaingia amebeba ngazi begani, ngazi ndefu ya waezekaji, akaiegemeza ukutani mbele ya watu wote, akapiga magoti.

"Seyyidi yangu," akasema, "nimeleta karatasi ya mwisho. Kuna pahala nimepakuta pabaya kuliko kote."

Sultani akafurahi, akamtaka asome. Faki akasoma. Mlangoni mteja hakusalimiwa. Alikaa kwenye ngazi kuanzia jua kuchomoza hadi adhuhuri. Mwenye mahali alivaa kilemba cha zari, alipiga miayo tisa, alitumia mkono wa kushoto kumwashiria mteja aondoke, na meno hayakuonekana hata moja isipokuwa yale aliyokuwa akiyachokoa. Mteja aliambiwa njoo kesho mara ishirini na saba, na tarehe zote zimeandikwa.

Sultani uso ukamwiva. Ishirini na saba! Akauliza ni duka la nani hilo, aezuliwe leo hii kabla mvua haijanyesha.

"Ni hapa, Seyyidi," akasema Faki. "Ndiyo maana nimekuja na ngazi."

Waziri akawa wa kwanza kupata ulimi, akasema mtu huyu ni mwendawazimu, jumba si duka. Faki akajibu kwa upole kwamba mbiu haikutaja duka. Ilisema pahala popote katika Mandwa ambapo mtu huenda na haja yake, na yeye alikuja hapa na haja ya pishi moja ya mchele. Kama Seyyidi ana shaka, basi aulize waliomo humu. Sultani akageuza macho, na mzee mmoja wa nyuma akakohoa, akasema yeye ameambiwa njoo kesho tangu Rajabu. Mwingine akasema tangu mwaka juzi. Kisha wakaanza kusema kwa pamoja, na Sultani akamtazama Waziri wake, naye Waziri akashikashika kilemba chake kana kwamba ameulizwa bei yake. Huko nje radi ikanguruma.

Faki akaweka mguu kwenye kipandio cha kwanza.

"Ngoja," akasema Sultani. Akatazama tabaka zake tatu za makuti, akatazama zulia lake la Ajemi, akatazama mguu wa Faki usio na kiatu. Midomo ikamcheza. Alijizuia akashindwa, akacheka mpaka akashika mbavu, na baraza zima likacheka naye, ila mmoja.

Waziri akanong'ona kwamba amri ifutwe, mambo yaishe. Faki akasikia. Akasema ifutwe, ni jambo jema, lakini amri ikifutwa kwa jumba imefutwa kwa kila mtu, na kilichochukuliwa kwayo kirudi kwa mwenyewe, kuanzia kwa mjane wa halua. Sultani akakubali, maana mvua ilikuwa inakaribia na mguu ulikuwa bado kwenye ngazi. Alasiri ile vibanda sita vikaezekwa upya. Mshahara wa karatasi zote, zilizokubaliwa na zilizokataliwa, Faki aliomba apewe kwa makuti badala ya mchele, na Sultani akaongeza kwamba waezekaji wakiwa juu ya nyumba ya Faki, ngazi itashikwa na Waziri mwenyewe. Akaishika siku mbili, kilemba chake kikajaa vumbi la makuti.

Faki alikwenda kwa Bi Kazija, akamweleza nani aliyeandika. Yule mama alimsikiliza mpaka mwisho, akampiga mwiko mmoja wa bega, na kwa mwaka mzima hakumkatia kionjo. Faki hakulalamika.

Mvua ya kwanza ilinyesha siku ya nne, wakati wa alasiri, Bi Mize amelala. Faki alikaa chini kando ya kitanda akimtazama uso, akisikiliza maji yakipiga juu na kuteremka nje. Hakikudondoka kitu. Pale hodi ikabishwa mlangoni. Alikuwa askari wa jumba, ameloa chapachapa. Sultani, akasema, ameridhika sana na macho ya Faki, na anamtaka arudie kazi ya mnunuzi wa siri kuanzia leo, kwa pishi mbili badala ya moja.

Faki akajikuna kichwa. Pishi mbili ni pishi mbili. Lakini Bi Mize alijibu kutoka kitandani, hata macho hakufumbua.

"Mwambie Sultani aje kesho."

Askari kwa mazoea akainua kichwa akalitazama paa. Halafu akakumbuka kwamba amri imefutwa, akavuta nguo yake kichwani, akarudi na mvua yake.