Mzinga Upenuni mwa Luseko

Mzinga wa kipupwe husikilizwa, haufunguliwi.

Mmeyasikia maneno hayo juzi, mlipokwenda nyumbani kwa kina Bupe na ngoma yenu ya kwaya, mkitaka kumtoa mwenzenu ndani kwa nguvu aje kuimba, maana tangu mama yake azikwe hajasema neno. Shangazi yake akawasimamisha mlangoni, akawaambia hivyo, nanyi mkarudi mmenuna. Na wewe Lugano ndiye uliyeniuliza, "Bibi, mzinga na Bupe wapi na wapi? Bupe ana asali?" Wenzako wakacheka, nami nikacheka. Lakini swali lako ni zuri. Kaeni basi. Sogeeni huku, msikae kwenye upepo.

Methali hii ilianza hivi.

Zamani, kabla barabara haijafika huku kwetu milimani, kulikuwa na mzee mmoja mfuga nyuki, jina lake Kasebele. Alikuwa na mizinga saba ya magogo, ameitundika kwenye miti nyuma ya boma lake. Mwanawe mkubwa, Angolile, alioa binti aliyeitwa Luseko. Luseko maana yake ni kicheko, na jina lilimkaa. Kicheko chake kilikuwa kinamtangulia njiani, watu wakajua anakuja kabla hawajamwona.

Mtu mmoja tu katika boma lile alikuwa hajawahi kuuona uso wake, naye ni huyo Mzee Kasebele. Msishangae. Mila ya wazee wetu ilikuwa hivyo: baba mkwe hamtazami mke wa mwanawe, wala mke wa mwana hasemi na baba mkwe. Mzee akipita njia hii, mkwe anaingia majanini mpaka apite. Haikuwa chuki. Ilikuwa heshima, na heshima ile ilikuwa nzito kuliko ninyi mnavyoweza kufikiri. Mzee Kasebele alimjua mkwewe kwa masikio tu. Alikijua kicheko chake, na mlio wa jiwe lake la kusagia.

Sasa mwaka mmoja kipupwe kiliingia vibaya. Mnajua baridi ya huku mwezi wa sita na wa saba, asubuhi sakitu, ule umande ulioganda, imelala juu ya majani kama chumvi iliyomwagwa. Mwaka ule ilikuwa zaidi. Angolile akashikwa na kichomi, na siku ya nne wakamzika. Hawakuwa wamemaliza mwaka wa pili wa ndoa yao, wala hawakuwa na mtoto.

Luseko alirudi kutoka kaburini akaingia nyumbani mwake, akaukaza mlango kwa ndani kwa mti. Hakupiga kelele, hakujigaragaza kama wengine. Alinyamaza. Siku zikapita, wiki zikapita. Mama mkwe wake, Tusajigwe, alikuwa akiweka kibuyu cha maziwa mlangoni na mtungi wa maji. Siku nyingine akikuta maziwa yamepungua, siku nyingine yako vilevile, yameganda juu. Moshi ulitoka darini kidogo, kisha siku mbili usitoke kabisa. Akiita, "Mwanangu, Luseko," hajibiwi.

Basi katika boma lile kulikuwa na nyumba moja imenyamaza, na nyuma ya boma mizinga saba nayo imenyamaza. Maana wakati wa baridi nyuki hawatoki. Hutaona hata mmoja.

Mdogo wake Angolile, kijana aliyeitwa Ambilikile, ndiye aliyerithi kazi ya mizinga. Alikuwa kijana mwema, mwenye nguvu, ila hakuwa na subira. Asubuhi moja aliutazama mzinga wa kwanza, akaona hapana dalili ya uhai, akasema moyoni, hawa wamekufa, na kama hawajafa ngoja nijue. Akatoa kifuniko, akaingiza mkono. Akawakuta wamekusanyika katikati ya masega kama ngumi, wamebanana, tumbo kwa tumbo, na ndani ya ile ngumi kuna joto. Joto kabisa, kama kifua cha mtoto. Akashangaa, akafurahi, akafunika. Akaufungua na wa pili, akakuta hivyo hivyo.

Kesho yake mizinga yote miwili ilikuwa na nyuki wamemwagika chini, wakavu, wepesi kama makapi ya ulezi.

Alimpelekea baba yake habari akiwa analia. "Baba, walikuwa hai! Nimewashika kwa mkono wangu huu. Wameuawa na nini?"

Mzee Kasebele akainama, akaokota nyuki mmoja, akamweka kiganjani. "Wameuawa na kutazamwa," akasema. "Joto walilokuwa wamelikusanya tangu kipupwe kianze, umelitoa kwa mara moja. Nyuki mmoja hana moto. Wakiwa wengi wanatetemeka pamoja, wanabadilishana, wa nje anaingia ndani, wa ndani anatoka nje, wanakula asali kidogo kidogo, na hivyo wanaishi. Nani aliyewafundisha? Si mimi. Mimi kazi yangu ni kukandika samadi kwenye nyufa na kuweka sikio."

Haya, hayo yalikuwa ya nyuki. Ya mtu ndiyo yaliyokuwa yanakuja.

Wiki ile ile siku tatu zikapita hakuna moshi juu ya nyumba ya Luseko, na kibuyu cha maziwa hakijaguswa. Wanawake wa boma wakakutana. Wakasema huyu amekufa, au amepandwa na kitu. Mmoja akasema dawa yake ni moja: mlango uvunjwe, avutwe nje, apelekwe mtoni akamwagiwe maji ya alfajiri, atashtuka, atalia, na akilia atapona. Mto wenyewe una ngozi ya barafu pembeni! Lakini walisema kwa upendo, wanangu. Msidhani walimtakia mabaya. Wengi wanaotuumiza wanakuja na upendo mkononi.

Asubuhi wakaja, Ambilikile ameshika shoka. Mzee Kasebele alikuwa amekaa mbali kidogo, amegeuzia nyumba ile mgongo, kama mila ilivyotaka. Aliposikia shoka linatolewa begani akasimama.

"Ambilikile. Acha."

"Baba, mtu anakufa mle ndani."

"Umejuaje?"

"Hasikiki, haonekani. Na wewe usiyeweza hata kumtazama wala kumwita jina, utajuaje kama ni mzima?"

"Nyuki nawaona mimi?" mzee akauliza.

Akatembea kinyumenyume, hatua kwa hatua, mpaka mgongo wake ukagusa ukuta wa nyumba ya mkwewe. Nyumba zile zilikuwa za mianzi iliyokandikwa udongo. Akafunika kichwa na uso kwa shuka yake, akapiga magoti, akaweka sikio ukutani.

Wanawake wakashika midomo. Haikuwahi kutokea. Mmoja akashindwa kujizuia, "Jamani, baba mkwe anaubusu ukuta wa mkwewe!" Mwingine akasema, "Baridi imempanda kichwani na huyu. Tuna wagonjwa wawili sasa."

"Tusajigwe," mzee akasema chini ya shuka, "wanyamazishe wenzako."

Wakanyamaza. Mpaka ukasikia ng'ombe wanavyocheua. Mzee akakaa pale, akakaa, magoti yake yakalowana kwa sakitu. Kisha akanyanyua kidole kimoja.

"Jiwe," akasema.

"Jiwe gani?" Ambilikile akauliza.

"Jiwe la kusagia. Amelisukuma mara nne. Ameacha. Sasa anapumzika... amelisukuma tena. Anasaga ulezi, ngumi moja tu, hata haijai kiganja. Anakula kama nyuki wanavyokula. Ondoeni shoka hilo."

"Mpaka lini, baba?"

"Mpaka nyuki watoke. Nipeni mpaka hapo."

Ndipo mzee akafanya jambo jingine la kushangaza. Alikwenda kwenye mizinga mitano iliyobaki, akauchagua ule aliousikia una mvumo mzuri, akauzungushia ngozi ya ng'ombe. Akawaita wanaume wanne waubebe. Walitembea kama watu waliobeba mgonjwa, wakauweka chini ya upenu wa Luseko, umegusa ukuta wake. Mkewe akamwambia, "Utaua na huo wa tatu." Mzee akaendelea kuikaza ile ngozi.

Toka siku hiyo, kila asubuhi mzee alikuja kinyumenyume amejifunika, akaweka kuni mlangoni, akapiga magoti, akausikiliza mzinga, kisha akasema na nyuki. Mila ilimkataza kusema na mkwe. Hapakuwa na mila iliyomkataza kusema na nyuki. Naye hakusema kwa sauti ndogo.

"Nyuki wangu, mmeamkaje? Jana nimeinua jiwe kule kijitoni, nikakuta chura. Amejikunja, wa baridi kama jiwe lenyewe, nikadhani ni jiwe jingine. Nikalirudisha jiwe lake taratibu. Yule hajafa, nyuki. Anangoja."

Siku nyingine, "Nyuki, leo nimemwona kinyonga tawini, amekuwa mweusi tii, amekakamaa, ukimgusa anaanguka. Jua likamfikia upande mmoja. Upande ule ukaanza kurudi kijani. Upande mmoja tu! Nikasimama nikamtazama mpaka miguu ikafa ganzi. Mungu ana kazi."

Siku nyingine tena aliwaambia habari za uwanda wa juu, ambako maua yote yamekwisha na majani yameungua kwa sakitu kama yamepitiwa na moto. Alichimba kwa kidole, kina cha kiganja, akakuta viazi vidogo vya maua yale mizizini, viwili viwili, kimoja kimenywea na kingine kimejaa. "Kile kizee kimempa mwenzake kila kitu," aliwaambia nyuki. "Nikafukia. Nani angejua, ukitazama juu?" Mara moja aliwaeleza habari za kiwavi aliyejisokotea kitambaa akajifunika nacho mwili mzima, na tukisema ni sanda tumekosea.

Ndani ya nyumba hakuna aliyejibu. Lakini kuni zilikuwa zinaingia, na maziwa yakawa yanapungua.

Sasa ikaja ile asubuhi. Mwezi wa nane ulikuwa unaelekea mwisho, watu wamekwisha kusema baridi imepita, kumbe ilikuwa imebakiza pigo moja. Waliamka wakakuta nchi yote nyeupe. Ndama mmoja alikuwa amekufa wima, ameegemea ua. Mzee Kasebele alikuja mbio, kama mzee anavyoweza kukimbia, akaweka sikio kwenye mzinga.

Kimya.

Akageuza sikio la pili. Kimya. Akaenda ukutani, akasikiliza jiwe. Kimya. Akarudi mzingani. Na yeye, wanangu, yeye aliyemkataza mwanawe, aliyesema nyuki wanauawa kwa kutazamwa, akashika kifuniko. Akakitikisa. Samadi ikapasuka. Alitaka kujua. Alikuwa amemzika mwana, na hakuweza tena kukaa bila kujua.

Ndipo sauti ikatoka ukutani. Ilikuwa imekauka, kama mlango usiofunguliwa siku nyingi.

"Nyuki."

Mzee akaganda, mkono kwenye kifuniko.

"Nyuki, mwambieni huyo anayewasikiliza asifungue. Masikio yake yameshikwa na baridi. Mimi niko upande huu wa ukuta, ubavu wangu umewagusa, nawasikia tangu usiku. Mnavuma. Mwambieni mzinga wa kipupwe husikilizwa, haufunguliwi."

Mzee Kasebele akakiachia kifuniko. Akachukua udongo na mate yake mwenyewe, akaziba ufa ule kwa dole gumba, taratibu. Kisha akaketi chini kwenye sakitu, shuka usoni, akalia kwa sauti, yeye ambaye hakulia kaburini. Na upande wa pili wa ukuta Luseko naye akalia, kwa mara ya kwanza. Tusajigwe alipofika alikuta ukuta unalia pande zote mbili, na mzinga katikati.

Alipoweza kusema, mzee akasema, "Nyuki, mwambieni nimesikia."

Siku kumi na moja baadaye jua lilichomoza na joto. Nyuki mmoja akatoka mlangoni mwa mzinga, akajifuta uso kwa miguu, akarudi ndani. Wakatoka watatu. Halafu wakatoka wengi, upenu wote ukawa unavuma. Mzee alikuwa amekaa palepale, amegeuza mgongo kwa heshima. Akausikia ule mti wa mlangoni ukiondolewa kwa ndani, na miguu ikitoka nje, na mtu akisimama juani. Hakugeuka.

"Nyuki," sauti ikasema nyuma yake, "mwambieni baba kuni zilitosha. Ila mwambieni siku ile ya chura alinichekesha. Mtu mzima kumrudishia chura jiwe lake!"

Na akacheka. Kidogo tu, kicheko chembamba kama mtu atokaye ugonjwani. Lakini boma zima lilikitambua, na Ambilikile kule zizini akaangusha ndoo ya maziwa.

Luseko aliishi mpaka uzee wake. Mama mkwe wangu alimkuta, na kutoka kinywani mwake mwenyewe ndiko alikoipata habari hii, nami nikaipata kwake mwaka ule nilipofiwa na mume wangu, yeye amekaa nje ya mlango wangu anachambua maharage.

Basi Lugano, nenda kwa Bupe kesho. Ngoma iache. Chukua kazi yoyote ya mikono, ukae karibu na dirisha lake, useme na kuku kama huna wa kusema naye. Useme kwa sauti. Kisha unyamaze, uweke sikio. Maana yuko hai mle ndani, anatetemeka, analinda moto wake mdogo aliopewa na Mungu, na siku yake ya kutoka anaijua mwenyewe.

Mzinga wa kipupwe husikilizwa, haufunguliwi.