Ndala za Mlangoni kwa Bi Mwantumu

Hadithi hii imepita kwenye simu nyingi kabla ya kufika kwako, na kila aliyeisoma alimkumbuka mtu mmoja wa kumtumia. Isome taratibu. Ukimaliza, na wewe utamjua wa kwako.

Kulikuwa na mji mdogo kando ya barabara kuu, pale ambapo mabasi hupunguza mwendo na kina mama hukimbilia madirishani na machungwa yaliyomenywa. Kazi ile haitaki mtoto mgongoni, maana basi halingoji. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla basi la kwanza halijapita, kina mama wale waliwapeleka watoto wao kwa Bi Mwantumu.

Bi Mwantumu alikuwa mjane wa makamo, mwenye sauti ya kumsimamisha mtoto aliyeko uani kwa jirani. Wanawe walikwishakua wakaenda zao, nyumba ikabaki kimya, na kimya hakikumpendeza. Alianza kwa kumlea mtoto mmoja wa mtaani. Mama wa mtoto yule akamwambia mwenzake, mwenzake akaleta pacha, na kabla hajajua vizuri nyumba ilikuwa imejaa.

Sheria zake zilikuwa mbili, na hata mtoto anayeanza kutamka alizijua. Huingii ndani na ndala. Hutoki nje bila ndala. Ndala zenyewe zilipangwa kwenye ubao mrefu pembeni mwa mlango, kila jozi imefungwa kipande cha kitambaa cha rangi yake ili mtoto aijue iliyo yake.

Watu walidhani ni usafi tu. Kumbe ile ndiyo ilikuwa hesabu yake. Bi Mwantumu hakuwa mtu wa kuhesabu vichwa, kwa sababu vichwa vya watoto havitulii. Alitupa jicho ubaoni. Akiona ndala zipo, alijua mwenyewe yumo ndani. Akiona hazipo, alijua mwenyewe katoka, na hapo ndipo sauti ile iliposikika mtaa mzima.

Lakini lilikuwepo jambo moja alilolikwepa kama mtoto anavyokwepa dawa, nalo ni leseni. Kwenye mkutano wa mtaa ilitangazwa kwamba yeyote anayelea watoto wa watu nyumbani kwake ajiandikishe ofisi ya ustawi wa jamii, akaguliwe, apewe kibali. Bi Mwantumu alisikia vizuri sana. Akasema ataenda Jumatatu. Jumatatu ilipofika, akasema hii imekaa vibaya, ataenda ile nyingine.

Kilichomtia woga ni maneno ya mtaani. Ilisemekana kwamba mji wa pili afisa alifika na kufuli mkononi, akafunga nyumba ya mlezi mmoja mchana kweupe, watoto wakabaki wanalia nje. Wa kusema aliliona kufuli hakupatikana, lakini kila mtu aliijua rangi yake. Bi Mwantumu alijiangalia: nyumba ya bati, uzio umeanguka upande wa barabarani, watoto wengi, yeye peke yake. Akaona akienda kujiandikisha atakuwa amelifuata kufuli kwa miguu yake.

Basi asubuhi moja simu ikaita. Alikuwa ni Mama Hiza, jirani yake wa ukutani, anaongea kwa kunong'ona ingawa alikuwa kwake mwenyewe. Akasema gari la serikali limesimama kwa mwenyekiti wa mtaa, na mama mmoja mwenye mkoba ameshuka, anaulizia nyumba zinazolea watoto.

Hapo ndipo Bi Mwantumu alipokosea. Badala ya kuwakusanya watoto, aliwatawanya. Wengine walipitishwa pengo la uzio kwenda kwa Mama Hiza, wengine wakakimbizwa kwa fundi cherehani wa nyuma, wote pekupeku, wakicheka kwa kudhani ni mchezo mpya. Kisha akaliona lile lundo la ndala ndogo ubaoni, akajua litamsema hata akinyamaza. Akazikomba zote akazitia kwenye kiroba, akakitupa bandani mwa kuni, nyuma kabisa ya uwanja.

Afisa alipobisha hodi, nyumba ilikuwa imetulia kama siku ya msiba. Alikuwa mwanamke mwembamba, jina lake Nakijwa. Akavua viatu mlangoni bila kuambiwa, akaamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Nipo peke yangu tu hapa."

Afisa akakaa kwenye mkeka. Akalitazama sufuria la uji, kubwa la kutosha kulisha harusi, na vikombe vidogo vya plastiki vimepangwa kando yake. Akauliza kwa upole uji ule ni wa nani. Bi Mwantumu akajibu kwamba ni wake, anapenda sana uji. Afisa akatikisa kichwa, na hakuinuka. Bi Mwantumu akaona bora angekuja afisa wa kufoka.

Wakiwa hivyo, Mama Hiza akachungulia mlangoni. Alijitia amekuja kuomba chumvi, lakini uso wake haukuwa wa chumvi. Bi Mwantumu akamfuata nje. Mama Hiza akamwuliza kama Zumra alibaki naye. Zumra alikuwa mtoto wa mwisho kwa umri pale nyumbani, wa muuza machungwa aliyeitwa Mwanahamisi, na Bi Mwantumu alikuwa na hakika yuko kwa Mama Hiza. Mama Hiza alikuwa na hakika yuko kwa fundi. Fundi, alipoulizwa kwa kupitia dirishani, alisema kwake hajafika.

Bi Mwantumu akageukia barabarani. Uzio ulikuwa wazi upande wa barabara. Basi moja likapita wakati ule ule likipiga honi, naye akahisi honi ile imempitia kifuani.

Angeweza kurudi ndani, akatabasamu, akamsindikiza mgeni, ndipo aanze kutafuta. Mama Hiza alimkonyeza afanye hivyo hivyo. Bi Mwantumu alisimama pale kizingitini, na kwa muda mfupi, Mungu amsamehe, alifikiri kufanya hivyo. Halafu akaingia ndani.

"Mwanangu, nimekudanganya," alimwambia afisa. "Nalea watoto. Nimewaficha kwa majirani, na sasa mmoja simwoni. Nifungie nyumba baadaye. Kwanza nisaidie."

Afisa hakuuliza kwa nini. Alitoka mbio hata viatu akavisahau. Akamtuma dereva wa gari lake barabarani asimame ukingoni na kuwauliza wauza machungwa wa karibu. Mama Hiza akaambiwa arudishe watoto wote ndani, na fundi vivyo hivyo. Wakatafuta chooni, nyuma ya matangi ya maji, chini ya vitanda, kwenye mtaro. Bi Mwantumu aliita jina la mtoto yule mpaka sauti ile maarufu ikakauka. Dereva akarudi akisema barabarani hajaonekana mtoto. Ilikuwa nafuu, lakini nusu tu, kwa sababu mtoto bado hayupo.

Uani watoto walikuwa wamerudi na wanazunguka huku na huko, na Bi Mwantumu alijaribu kuwahesabu. Akaanza, akakosea, akaanza upya. Machozi yakamziba macho. Hakujua tena kama anayekosekana ni Zumra peke yake au wapo na wengine.

Afisa akamshika mkono. Akamwuliza, "Siku zote unajuaje nani yupo na nani hayupo?"

"Kwa ndala."

"Ziko wapi?"

Bi Mwantumu akainamisha kichwa. Hili lilimuuma kulisema kuliko lile la kwanza. "Nimezificha."

"Basi tuzilete," afisa akasema. "Kila mtoto avae zake, tuone zitakazobaki."

Wakaenda nyuma ya uwanja. Palikuwa ni mahali pekee ambapo hakuna aliyetafuta, maana walitafuta nyumbani, barabarani na walikopelekwa watoto, na bandani hakupelekwa mtoto. Bi Mwantumu akausukuma mlango wa banda.

Kiroba kilikuwa kimefunguliwa na ndala zimetapakaa juu ya kuni. Katikati yake alikuwa amelala Zumra, usingizi wa kinywa wazi, ndala zake miguuni, ya kulia kushoto na ya kushoto kulia.

Bi Mwantumu alikaa chini palepale kwenye vumbi. Alimkumbatia mtoto yule akalia kwa sauti, na hakuona haya. Zumra aliamka amenuna kidogo, kama mtu aliyekatiziwa usingizi bila sababu.

"Bibi, ulisema hutoki nje bila ndala," alisema. "Nikazifuata."

Mama Hiza alicheka na kulia kwa wakati mmoja. Afisa naye aligeuka akatazama ukutani, na alipogeuka tena macho yake yalikuwa mekundu.

Watoto walipokwisha kunywa uji, Bi Mwantumu alijifuta uso, akakaa wima mbele ya mgeni wake. Akasema yuko tayari, alete hilo kufuli.

"Kufuli gani, mama?"

Bi Mwantumu akamweleza habari za mji wa pili. Afisa akaufungua mkoba wake, akamwonyesha: futi ya kupimia, chupa ya maji, na chungwa alilonunua njiani. Akasema nyumba ile ya mji wa pili ilifungwa kweli, kwa sababu mlezi alikuwa akiwafungia watoto ndani na kwenda sokoni. Yeye mtaa huu alikuja kuona nyumba zinahitaji nini ili ziandikishwe.

Lakini asije mtu akadhani afisa alimfuta machozi akaondoka. Alimwambia wazi kwamba watoto ni wengi kuliko macho yake, na leo wote wameona. Apate mlezi wa pili. Uzio wa barabarani usimame. Banda la kuni liwekwe komeo. Mpaka hapo apokee wachache tu, na yeye mwenyewe atarudi kukagua bila kupiga simu. Kisha akauliza ule ubao wa ndala ni wazo la nani, kwa sababu angependa kuwaeleza walezi wengine.

Mlezi wa pili hakutafutwa mbali. Mama Hiza alisema kama ameweza kuwaficha, ataweza na kuwalea.

Jioni Mwanahamisi alipokuja kumchukua mwanawe, Bi Mwantumu alimweleza yote, hakuacha hata neno. Mwanahamisi akamvalisha Zumra ndala zake, akaondoka bila kuaga. Usiku ule Bi Mwantumu hakulala vizuri. Asubuhi, kabla ya basi la kwanza, akasikia vishindo vidogo mlangoni. Zumra alikuwa anavua ndala zake, na nyuma yake mama yake ameshika nyundo na misumari ya kuanzia uzio.

Leseni ilikuja uzio uliposimama. Bi Mwantumu aliitundika juu ya ubao ule wa ndala. Na afisa Nakijwa akija kukagua, viatu vyake navyo hupangwa ubaoni, na haruhusiwi kutoka bila kuvivaa.

Funzo: Ukimficha mtoto machoni pa anayekagua, umemficha pia machoni pa anayeweza kukusaidia kumlinda. Sema ukweli mapema. Kufuli unaloliogopa huenda halimo hata mkobani.