Kiboko na Foleni ya Makofi

Paukwa, wenye masikio?

Pakawa, mwenye mdomo.

Palikuwa na nini?

Palikuwa na shavu.

Shavu la nani?

Tuambie wewe, ndiye uliyeliona.

Basi sogeeni karibu. Ngano hii hakuna anayeijua kama mimi, na anayedai anaijua aliisikia kwangu akaenda kuiharibu.

Hapo kale Kiboko hakuwa na uso huu mnaoujua. Alikuwa na uso mwembamba, mrefu, laini, uso wa bwana harusi. Nguvu alikuwa nazo, tumbo alikuwa nalo, na wivu alikuwa nao kuliko vyote viwili. Akimwona mwenzake anacheka, anataka kujua anachekea nini, na kwa nini hicho kitu hakikuletwa kwake kwanza.

Wanyama wa bonde lile walikuwa na kanisa lao chini ya mwamba. Mchungaji alikuwa Korongo, mwenye miguu mirefu na kikohozi cha kutangulia mahubiri. Kila Jumapili waliimba, wakatoa ushuhuda, kisha wakajaza kapu moja mavuno yao, wakampa mwenye shida kuliko wote.

Mwaka huo mwenye shida alikuwa Pimbi, yule mdogo asiye na mkia. Mkewe alikuwa amejifungua watoto watatu kwa mpigo, na maziwa hayatoki. Akina mama wakasema mzazi anataka uji wa mtama, basi kapu la mtama liende kwa Pimbi Jumapili tatu mfululizo. Wakapiga vigelegele. Pimbi akajitwika kapu, akashika njia, che, che, che.

Kiboko akamfuata, ndi, ndi, ndi.

Njaa hakuwa nayo. Asubuhi ile alikuwa amemaliza majani ya ukingo mzima wa mto. Kilichomuuma ni vile vigelegele. Yeye alipoleta mkungu wa ndizi aliambiwa asante tu, tena na Kanga, tena Kanga mwenyewe alikuwa anaangalia pembeni.

Akamkuta Pimbi kwenye kona ya mwamba, akamwambia aweke kapu chini. Pimbi akasema, "Mzee, huu ni uji wa mzazi." Kiboko akamzaba kofi la kushoto, paa. Pimbi akayumba, akasimama. Na kwa kuwa asubuhi ile ile Korongo alikuwa amehubiri mambo ya shavu la pili, akageuza shavu la kulia. Kiboko hakuwa mtu wa kukataa kinachotolewa. Paa.

Akalibeba kapu, akalificha matetani kwake. Hakula hata punje. Mtama ulikuwa ukimkwama kooni tangu utotoni. Alitaka tu usiwe wa mwingine.

Jumapili ya pili, wakati wa ushuhuda, Pimbi akapanda juu ya jiwe ili aonekane.

"Bwana asifiwe."

"Amina."

"Bwana asifiwe tena."

"Amina."

Akasimulia jinsi alivyopigwa makofi mawili kwa ajili ya kapu. Jina hakulitaja, ila kanisa zima lilimgeukia Kiboko. Pimbi akasema hana kinyongo, maana tangu apigwe, baraka zinamiminika. Pango lake lilikuwa linavuja, sasa halivuji. Hakuna aliyekumbuka kwamba masika yamekwisha. Mkewe hajamgombeza wiki nzima. Na nguvu za kugombeza angezitoa wapi, hajala? Kisha Pimbi akainua uso. "Na mimi mwenyewe nimenenepa, ndugu zangu. Nitazameni mashavu."

Wakatazama. Kweli, mashavu yalikuwa yamejaa, yanang'aa. Vigelegele vikapigwa mpaka popo wakaamka. Korongo akakohoa, akasema anayeonewa ana heri yake.

Kiboko roho ikamuuma. Makofi yalikuwa yake, mkono ulikuwa wake, jasho lilikuwa lake. Baraka zimekwendaje kwa Pimbi?

Baada ya ibada Pimbi akaondoka na kapu la pili, che, che, che. Kiboko nyuma yake, ndi, ndi, ndi. Kushoto, paa. Kulia, paa.

"Asante sana, Mzee," Pimbi akasema. "Ongeza kidogo, nina watoto watatu."

Mkono wa Kiboko ukaganda hewani. Akachukua kapu, akaenda zake akiwa na mawazo.

Jumapili ya tatu Pimbi alipanda jiweni na mashavu kama maboga mawili. Akatoa ushuhuda mrefu kuliko wa kwanza. Hata jembe la shemeji yake lililopotea tangu mwaka juzi, alisema, limeonekana. Vigelegele tena. Siku hiyo Kiboko alichukua kapu bila kumgusa Pimbi, makusudi, ili kumnyima.

"Mzee, umesahau," Pimbi akamwita.

Kiboko akalaza masikio, akakaza mwendo.

Alipofika kwake aliinama mtoni akajitazama. Uso mwembamba kama mpini. Nyuma yake makapu matatu, na hata baraka moja hana. Hapo ndipo akili ilipomjia, hiyo akili yake. Kumbe yeye ndiye anayempa! Makofi manne mazuri, ameyatoa bure, mtu mwingine ananenepa. Kiboko ambaye hakuwahi kumpa mtu hata jani kavu alitaka kulia kwa ukarimu wake mwenyewe.

Akaenda mpaka pangoni kwa Pimbi, ndi, ndi, ndi.

"Ndugu Pimbi, nipige."

Pimbi hakucheka. Akakitazama kiganja chake, akasema hiki ni jani la mchicha tu, baraka zake hazitajaza hata tundu moja la pua ya Mzee. "Mwili kama wako unataka mkutano, Mzee. Wote uliowaonea. Mkono wa aliyeonewa ndio wenye uzito."

"Zitazidi zako?"

"Mimi nimepigwa na mmoja, ona mashavu haya. Wewe utapigwa na bonde zima."

Kiboko akameza mate.

Ila Pimbi akasema lipo sharti. Baraka haziingii kwenye nyumba iliyofungia kapu la mwenzio. Kiboko hakungoja amalize. Alikwenda akarudi na makapu yote matatu mgongoni, mchana kweupe, watu wakiona, akayatua mbele ya Mama Pimbi. Na Pimbi hakutoka kwenda kuita mtu yeyote mpaka chungu kilipoanza kutokota.

Jamani, foleni ile. Ilianzia kwenye mwamba ikaishia mtoni. Digidigi, ambaye Kiboko alizoea kumsukuma majini kila anapokuja kunywa. Tumbili, aliyenyang'anywa kivuli. Nungunungu na miba yake, aliyeomba radhi mapema. Punda Milia akauliza kama kwato zinaruhusiwa. Kiboko akajibu kwamba zinaruhusiwa, wasiwe wachoyo.

Paa.

"Asante. Mwingine."

Paa.

"Asante. Mwingine."

Pimbi alisimama juu ya jiwe akipanga watu, akiwasihi wasisukumane, kila mtu atafikiwa. Korongo akaja mbio, mabawa juu, aje akomeshe aibu ile. Alipokaribia akakumbuka kwamba masika yaliyopita Kiboko aliyakalia mayai yake. Akakohoa. Akasimama nyuma ya foleni.

Jua lilipoegemea mlima alibaki mmoja tu, Kobe. Kiboko alikuwa amewahi kumpindua chali juani kutwa nzima, akacheka mpaka akachoka. Kobe akaja polepole, na jani la mgomba lenye maji mkononi. Kiboko, mashavu yake kama ngoma mbili, akafumba macho akangoja.

Kobe akamfuta uso.

"Piga," Kiboko akasema.

"Hapana, Mzee."

"Wenzako wote wamenipa. Wewe unaninyima kwa nini?"

"Sikunyimi. Nilishakusamehe siku ile ile, nilipofanikiwa kugeuka."

Makofi yote ya siku ile Kiboko aliyahesabu akisema asante. Jani lile lilimuuma kuliko yote. Alimtazama Kobe, uso umetulia, hana deni wala hana haraka, akaona kwamba huyu anacho kitu, na hajui amekipata wapi, na hakifichiki matetani. Wivu ukamshika upya.

Akageuka kumtafuta Pimbi. Pimbi hayupo. Yuko nyumbani anapuliza uji wa mkewe upoe, na watoto watatu wananyonya, nyo, nyo, nyo, na akina mama wanapiga vigelegele.

Kiboko akajitupa mtoni, chubwi, kupoza mashavu. Mpaka leo hayajapoa. Kutwa yumo majini, ametoa macho na masikio tu, anasikiliza nani katoa ushuhuda.

Fundisho la ngano hii ni kwamba kulipa kisasi ni dhambi. Pimbi hakulipa kisasi hata kidogo, alipanga foleni tu. Nanyi mkionewa, geuzeni shavu, mshukuru, na mhakikishe aliyewaonea anasikia mnavyoshukuru. Mwenye moyo wa Kobe hana haja ya fundisho langu, anaweza kwenda kulala. Naona hakuna aliyeinuka.

Ngano yangu imefika mtoni, imekunywa maji, imejilaza. Aliyeipenda aibebe. Aliyeichukia ageuze sikio la pili.